Tipoyi ya Baba Isichomwe

Ujiji, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya lolote niambie goti lako linaendeleaje, na kama bado unakataa kulipaka ile dawa kwa sababu inanuka. Natumai uzima upo hapo nyumbani, na kama haupo wote basi upo wa kukutosha kugombana na Amisi, maana siku nikisikia umeacha kugombana naye ndipo nitakapoogopa. Sisi huku hatujambo. Cherehani inazunguka, sare za shule zimejaa mpaka juu ya kitanda, na mwenye nyumba ameahidi kwa mara ya nne kuziba paa. Baba Zaina anakusalimu na anaomba radhi kwamba hatukuweza kuvuka ziwa, kwani karatasi zetu za ukaazi bado ziko ofisini na bila hizo tukitoka haturudi.

Mwili ni mzima, Mama. Moyo ndio si mzima, na ndio ulionikalisha chini nikuandikie badala ya kupiga simu. Simu siitaki kwa jambo hili. Simu ndiyo iliyoniponza.

Unaikumbuka siku ya tatu ya matanga ya Baba. Amisi alinipigia, nami nikadhani naongea na mdogo wangu peke yake. Akaniambia, "Yaya, dada yangu, wazee wanauliza, ile tipoyi ya Baba ya kubebea wagonjwa tuifanye namna gani?" Akanieleza kwamba wengine wanasema kitu kilichombeba mwenyewe kwenda kufa hakifai kubaki mjini, na wengine wanasema ni mali ya wabebaji, basi mtoto wa kwanza aseme. Mimi nikasema, tena kwa sauti, "Ichomeni moto! Baba aliwabeba watu wa Kabambare nzima, lakini mke wake mwenyewe, mama yetu, alimwachia watu baki wambebe." Halafu nikasikia mtu akikohoa, na mwingine, na kiti cha plastiki kikikwaruza sakafu. Ndipo nilipojua kwamba Amisi alikuwa ameifungua sauti, na ua mzima umenisikia, wazee, majirani, wabebaji wenyewe, na wewe ukiwa ndani umejifunika kanga.

Kwetu neno la mtoto wa kwanza lililosemwa msibani si la kuchezea. Wazee wakalishika. Wakaifungia tipoyi katika ghala, wakasema itachomwa asubuhi ya arobaini. Na Amisi ameniambia kwamba juma lililopita, mvua ilipoharibu njia ya kule ng'ambo ya mto na pikipiki zikashindwa kupita, mama mmoja mwenye uchungu alibebwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba. Alifika salama, Mungu ashukuriwe. Lakini alifika akiwa amejishikilia kingo za mlango mpaka vidole vikachubuka, na sababu ni mdomo wangu. Maji yakimwagika hayazoleki, ila wazee wamesema kuna njia moja. Neno nililolisema mbele ya watu siwezi kulirudisha kwa kunong'ona kwenye simu. Niliandike, lisomwe mbele ya watu wale wale. Basi naandika.

Naanza na Baba mwenyewe, kwa sababu Amisi anasema siku ya kusomwa barua hii vijana wengi watakuja ambao hawakumjua enzi za nguvu zake.

Aliingia jeshini akiwa hajaota ndevu vizuri, akatoka na mguu wa kushoto anaouvuta kidogo, mkanda mpana, na filimbi. Kiinua mgongo aliahidiwa, filimbi alipewa. Alitoka akiwa kaporali, lakini Kabambare ikampandisha cheo bila kumwuliza, wakamwita Ajida, na yeye kila mara alijibu, "Mimi kaporali," na hakuna aliyemsikiliza. Wewe tu ndiye uliyemwita Ajida wa Sabuni, na alikuwa akichukia mbele ya watu na kucheka akiingia ndani.

Maana sabuni ndiyo iliyotulea. Alipakia katoni kwenye baiskeli, akasukuma mpaka Salamabila kwenye dhahabu. Wafanyabiashara wengine waliweka meza zao katikati ya soko la wachimbaji, wakagombania nafasi. Baba aliweka ya kwake nje kabisa, mahali ambapo pikipiki za kurudi makwao zinaondokea. Watu wakamcheka. Aliniambia, "Mwamini, muchimbaji akipata, ananunua pombe kwanza. Lakini siku ya kurudi kwa bibi yake, kila mutu anatafuta sabuni." Na kweli, walikuwa wakishuka kwenye pikipiki kununua, na wengine wakioga pale pale mtoni. Hata duka la sokoni lilikuja kwa njia hiyo. Wakati wa vita liliporwa mara mbili, likabaki na rafu tupu na mizani iliyovunjwa, na mara zote mbili alianza upya na katoni moja. Wateja aliwapanga mstari kwa filimbi. Mtu akiruka mstari hauziwi, hata awe nani. Nakumbuka alivyomkatalia shemeji yake mwenyewe, yaani kaka yako, na mkakaa Idi nzima hamsalimiani.

Na ile tipoyi. Watu wa huku Ujiji nilipowaeleza hawakuelewa mara moja, nikawachorea: mianzi miwili mirefu, kitanda cha kamba katikati, turubai juu kwa ajili ya jua na mvua, na watu wanne mabegani. Jeshini kazi ya Baba ilikuwa kubeba majeruhi. Aliporudi na kukuta wanawake wa mashambani wanafia njiani kila masika, alitengeneza kitu hicho kwa mikono yake nyuma ya duka na kuanza kutafuta watu. Wakamwuliza, "Utatulipa nini?" Akasema atawalipa sabuni, kwa sababu watatoka jasho. Alisema, "Mu jeshi nilibebaka watu wenye risasi, sikuwauliza kabila. Mama mwenye uchungu naye iko mu vita yake."

Alikuwa na namna yake ya kuifanya ile kazi. Wanane hutoka pamoja, wanne chini ya mianzi na wanne wakipumzika huku wakitembea, na filimbi ikilia wanabadilishana bila kusimama. Ijumaa wabebaji ni Wakristo, Jumapili wabebaji ni Waislamu, ili kila mtu apate kusali. Hakuna kutaja kifo njiani. Hakuna wa kunywa maji kabla ya mgonjwa. Hayo niliyajua tangu utotoni, nilikuwa nikiyakariri kama watoto wa wenzetu wanavyokariri mafungu ya shuleni. Kulikuwa na sheria moja zaidi ambayo sikuijua, kwa sababu siku zote nilizoona tipoyi ikipita, aliyelala ndani alikuwa mtu wa wengine.

Sasa nakuja kwenye siku yetu, Mama. Nisamehe kukurudisha huko.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa shambani kwa Bibi, ng'ambo ya mto kupita Lusangi, kuvuna mpunga, na mimba yako haikuwa imetimia. Uchungu ulikushika asubuhi. Baba alikuwa amewasili siku iliyotangulia akiwa na shati jeupe la mikono mirefu, lile la kwendea sokoni. Wabebaji wakaitwa, wakaja wanane. Wakakulaza. Nami nikamwona Baba, mwenye mabega mapana kuliko wote wale, anachukua panga na kutangulia mbele, mikono yake haigusi mwanzi hata mmoja.

Nilitembea nyuma na Bibi. Wabebaji walikuwa wakihema, wakibadilishana, mmoja aliteleza kwenye tope akainuka na damu gotini. Mkono wako ulikuwa umening'inia nje ya turubai. Uliita, "Ramazani! Ramazani we!" Uliita mara nyingi. Na yeye hakugeuka. Nilimwuliza Bibi, "Kwa nini Baba habebi?" Bibi akanijibu, "Nyamaza, tembea." Nikanyamaza, Mama, nikanyamaza miaka yote mpaka nikawa mtu mzima na mtoto wangu mwenyewe. Katika kituo cha afya cha Lusangi ulijifungua mtoto wa kiume, hakuona jua likizama. Wewe ukapona. Mimi nikaweka moyoni kwamba baba yangu alijali shati lake.

Ndiyo sababu nilikuwa mkavu kwake. Ulikuwa ukiniuliza, nami nikikuambia ni safari, ni kazi, ni bei ya vocha. Hapana. Ni hilo. Kila mtu aliyenisimulia wema wa Ajida alikuwa akinitia chumvi kwenye kidonda, na wasimuliaji walikuwa wengi, hata huku ng'ambo ya ziwa.

Basi Alhamisi amekuja Mzee Kitenge. Unamjua vizuri, yule mbebaji mrefu wa Lusangi, mwenye sikio lililokatika kidogo. Yuko hapa kwa binti yake, alikuja kutibiwa jicho, na alipopata habari kwamba nipo akaja kunipa pole. Nilimwandalia ugali na mgebuka. Akala, akamsifia Baba, akasifia tena, mpaka nikashindwa. Unanijua, hasira zangu hazijui kubisha hodi. Nikamwambia, "Mzee, haya yote nimeyasikia. Ila ile tipoyi yenu itachomwa, na aliyesema ichomwe ni mimi."

Aliacha kutafuna. Akaosha mikono taratibu ingawa chakula kilikuwa bado kingi.

"Kwa nini, mama?"

Nikamweleza. Panga, shati, mkono wako, jina lake uliloliita. Alinisikiliza jicho moja likiwa na bandeji na lingine likinitazama.

"Nani alikuambia Ajida alikataa kubeba?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Ulikuwa mutoto. Keti chini, usinisimamie kama polisi." Nikaketi. "Iko sheria yetu, na ilitungwa na yeye mwenyewe. Mwenye mugonjwa habebaka. Kulikuwa muzee mumoja alibeba mutoto wake, akaona mutoto anazimia, akaanza kukimbia. Wenzake hawakuweza kumufuata. Akateleza ku mulima, wote wakaenda chini, mutoto akafia pale. Ajida akasema basi. Mutu mwenye mugonjwa anatembea mbele, anafyeka njia. Hagusi muti wa tipoyi."

Nikasema, "Lakini yeye ndiye mkubwa wenu. Angeweza kuivunja."

"Alitaka kuivunja! Ile siku ya mama yako, yeye njo wa kwanza alishika muti. Mimi njo nilimutoa mukono. Nilimuambia, 'Ajida, hii sheria ni ya nani?' Akaniangalia vile mutu anaangalia adui. Akasema, 'Kitenge, huyu ni bibi yangu, mama Mwamini, ni Feza.' Nikamuuliza, 'Na wale wengine wote walikuwaka bibi za nani?'"

Mzee Kitenge akavuta kikombe cha maji, akanywa. Nilidhani amemaliza.

"Akaachia muti," akasema. "Akachukua panga."

Nikamwuliza kwa nini basi hakugeuka ulipomwita. Neno hili ndilo nililokuwa nikilitaka, hata kama lingekuwa uongo nadhani ningelipokea.

"Ile pia ni mimi. Nilimuambia, ukigeuka mara moja tu, tunaweka tipoyi chini. Nilijua akimuona mama yako atakuja kushika, na akishika atakimbia. Akatembea. Alifyeka majani tangu kwenu mpaka tukatoka ku barabara kubwa. Kule majani hayako, mama, iko udongo mutupu. Na yeye alikuwa angali anafyeka. Alikuwa anakata upepo na panga, kushoto, kuume, mpaka ku mulango wa sante ya Lusangi. Hakuna mutu alimuambia aache."

Hilo nililiona pia, Mama. Sasa nakumbuka kwamba nililiona. Mtoto wa miaka minane anaona baba yake anarusha panga kwenye barabara tupu, na anadhani ni maringo ya askari.

Halafu akaniambia kuhusu mtoto. Kwamba wewe ulibaki kituoni siku kadhaa, na mimi na Bibi tulibaki nawe, ndiyo maana sikuona. Wabebaji walitaka kumweka marehemu kwenye tipoyi wampeleke kwenu akazikwe. Baba alikataa. Sheria ni ya mgonjwa, na huyu hakuwa tena mgonjwa. Alivua lile shati jeupe, akamfunga mtoto ndani yake, akambeba mwenyewe kifuani mpaka shambani, kifua wazi mvuani, na kila aliyenyoosha mikono kumpokea alimwambia, "Huyu wangu." Lile shati alizikwa nalo mtoto. Mimi miaka yote nilidhani limechakaa likatupwa.

Nimelia, Mama. Nilipopata habari ya kifo sikulia, na najua watu walilisema hilo. Nililia Alhamisi mbele ya mzee wa watu na sahani ya samaki, mpaka Zaina akaja mbio akidhani nimejichoma sindano ya cherehani. Na baada ya kulia nikakukasirikia wewe. Niliwaza, mbona hukuniambia? Hasira hiyo haikumaliza hata usiku mmoja, kwa sababu nilijiuliza ni lini nilikuuliza, nikaona sijawahi. Wewe ulidhani najua. Ulikuwa umelala ndani ya turubai, huenda hata hukumbuki kwamba ulimwita. Baba alidhani hakuna cha kueleza, sheria ni sheria. Na mimi nilikuwa hakimu wa miaka minane asiyesikiliza mashahidi, nikahukumu, nikaondoka na hukumu yangu mpaka ng'ambo ya ziwa.

Mzee Kitenge anapanda boti kesho alfajiri. Anasema akiwahi pikipiki za Fizi atakuwa kwenu siku tatu au nne kabla ya arobaini. Barua hii ataifunga kwenye nailoni na kuiweka ndani ya koti. Ikifika, mpe Amisi aisome mbele ya watu tangu mwanzo hadi mwisho wa haya yafuatayo, bila kuruka mahali ninapojisema vibaya.

Mimi Mwamini binti Ramazani, mtoto wa kwanza wa marehemu Ramazani aliyeitwa Ajida, nimelirudisha neno langu. Nilisema tipoyi ichomwe, nilisema kwa kutojua, na nilimsingizia baba yangu mbele ya wafiwa na mbele ya wabebaji wake. Naomba radhi kwa mama yangu kwanza, kisha kwa wabebaji, kisha kwa yule mama aliyebebwa juu ya mlango, ambaye jina lake silijui na ningependa kulijua. Tipoyi isichomwe. Isiwekwe ndani kama ukumbusho pia, ikaliwa na mchwa. Itolewe ghalani siku hii hii barua inaposomwa, msingoje arobaini, ipewe wabebaji pamoja na filimbi, Mzee Kitenge awe mkubwa wao mpaka wamchague mwingine. Sabuni ya wabebaji Amisi aendelee kuitoa dukani kama Baba alivyofanya. Na sheria ibaki ilivyo, kwa kila mtu. Amisi, mdogo wangu, siku Mama akizidiwa na goti au na kitu kingine, Mungu aepushe, wewe utachukua panga utangulie mbele. Atakuita. Usigeuke.

Hapo Amisi akunje karatasi. Yanayobaki ni yako.

Nisalimie Shangazi, na umwambie kitenge chake nimekishona, kola ya duara kama alivyotaka, atakileta Mzee Kitenge kwenye furushi pamoja na suruali mbili za Amisi. Nisalimie kaka yako, yule aliyenyimwa sabuni, nasikia ndiye aliyelia kuliko wote makaburini. Wasalimie jirani zetu wa upande wa kanisa waliopika siku zote tatu za matanga. Mjukuu wako Zaina anakubusu mikono. Tangu Alhamisi anataka kusimuliwa habari za babu yake kila jioni, na nimegundua nazijua nyingi kuliko nilivyodhani.

Mama, kabla Baba hajafa ulinipigia mara tatu, ukaniambia anataka kusema nami, ukamshikia simu sikioni. Mara zote tatu nilikuambia niko kazini, nitapiga jioni, na jioni sikupiga. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimekaa kitandani na simu mkononi, nikimsikia anavyopumua upande wa pili. Alikuwa anangoja, nami nikakata.

Goti likikuruhusu nenda makaburini, nenda peke yako, ukamwambie hivyo. Usimwambie nilikuwa na kazi nyingi. Mwambie nilikuwa nimekaa tu, na kwamba nilimsikia.

Ni mimi mwanao,
Mwamini